MSHALE: KIJITI CHENYE ELIMU NDANI YAKE

Na Mwandishi Wetu

Ndugu msomaji, huenda nawe ni miongoni mwa watu wanaodhani kwamba mshale ni kijiti tu, na kwamba sifa yote ya mpigaji imo katika upinde wake na jicho lake. Dhana hiyo imeenea sana. Hata watoto wetu wachezapo, hutumia asubuhi nzima kutafuta ufito wa upinde na kamba ya kuufunga, kisha huokota kijiti chochote na kukiita mshale. Kijiti kikienda kombo, lawama huangukia upinde.

Kwa mtu ambaye kitoweo cha jamaa yake hutegemea silaha hiyo, mambo ni kinyume kabisa. Upinde wa hali ya kati ukipata mshale uliotengenezwa vyema huweza kulisha nyumba. Bali upinde bora ukipewa mshale mbovu utamlaza mwenyewe na njaa. Upinde hutoa nguvu tu. Mshale ndio unaosafiri, ndio unaokutana na upepo, na ndio unaofika au usiofika.

Katika nchi yetu wapo watu ambao elimu hiyo bado ni ya kila siku. Hao ni Wahadzabe, wakaao kandokando ya Ziwa Eyasi, katika nyika zinazogusa mikoa ya Arusha, Manyara, Singida na Simiyu. Idadi yao ni kama elfu moja na ushee, na lugha yao yenye sauti za kualika ulimi haina ndugu aliyethibitishwa miongoni mwa lugha nyingine za dunia. Wengi wetu huwasikia kwa jina la wawindaji na warina asali, tukaishia hapo. Leo, ndugu msomaji, tuuchukue mshale mmoja tu wa Mhadzabe, tuuchunguze toka kisigino hadi ncha, tuone ni maarifa mangapi yamo ndani yake.

KUCHAGUA WANO

Ule uti wa mshale, ambao kwa Kiswahili chetu cha asili huitwa wano, hauchukuliwi popote. Fundi hutafuta vichaka vya jamii ya mkole, kwa kuwa vichaka hivyo hutoa fito ndefu, nyembamba, zenye nyuzi zilizonyooka, na mti wake ni mgumu bila ya kuwa mzito mno. Ufito unaofaa ni ule ulioota wima ukitafuta jua, usio na matawi mengi, maana kila palipochomoza tawi pana kifundo, na kila penye kifundo mti hupinda kwa namna yake wenyewe.

Ufito huo, ambao ukikatwa hukaribia urefu wa mita moja, huambuliwa gome kwa kisu, na mara nyingine kwa meno. Hapo bado si wano. Karibu kila ufito una kombo zake, na kazi ya kuziondoa ndiyo inayomtenga fundi na mwanafunzi. Fundi huupitisha ufito juu ya makaa au katika jivu la moto, mahali pale pale palipopinda, mpaka mti ulegee. Kisha huushika kwa mikono miwili, au huung'ata kwa meno, akaupinda kidogo kupita kiasi cha unyoofu, akaushikilia hivyo mpaka upoe.

Sababu yake ni hii. Nyuzi za mti hushikamanishwa na gundi yake ya asili, na gundi hiyo hulainika kwa joto na hukaza tena kwa baridi. Mti ukipoa hali umeshikiliwa, hulikubali umbo jipya. Ukiachwa mapema, hurudia kombo lake. Ukiunguzwa, huwa mkavu kama bua na huvunjika siku ya kwanza. Tunasema samaki mkunje angali mbichi. Wano nalo hunyooshwa lingali na joto.

Baada ya hapo fundi hufumba jicho moja, huliinua wano hadi usawa wa uso, akalitazama kwa urefu wake huku akilizungusha polepole. Kombo lisiloonekana wano likiwa limelala chini hujitokeza mara moja. Hulirudisha motoni tena na tena, na hata baada ya siku nyingi za matumizi huendelea kulitazama, kwa sababu mti hubadilika kwa mvua na kwa jua. Ndiyo maana ukikuta wanaume wa Kihadzabe wameketi kivulini, aghalabu utawaona mikono yao haikupumzika. Wanaangalia mishale yao.

MANYOYA NA KANO

Kisigino cha mshale hukatwa mkato mdogo wa kushika upote, yaani kamba ya upinde. Mbele kidogo ya mkato huo hufungwa manyoya. Wahadzabe hutumia manyoya ya ndege kama tai na kanga, yaliyopasuliwa katikati na kupunguzwa. Hufungwa kwa kano, ule ukamba mweupe wa mnyama, uliotafunwa mpaka ukawa laini na wenye kunata. Kano likiwa bichi hutii mkono. Likikauka hunywea na kukaza barabara.

Kazi ya manyoya, ndugu msomaji, si pambo. Mshale ukiwa hewani, manyoya hukokotwa na upepo na kuufanya mkia ubaki nyuma. Mkia ukitaka kwenda upande, upepo huyasukuma manyoya na kuurejesha. Tena unyoya una mbinuko wake wa asili: ule wa bawa la kulia hubinuka huku, na ule wa bawa la kushoto hubinuka kule. Mafundi wa mishale duniani kote wanajua kwamba manyoya ya mshale mmoja yapasa kutoka upande mmoja wa ndege, ili yauzungushe mshale kwa mwelekeo mmoja. Ukiyachanganya, moja linavuta mashariki na jingine magharibi, na mshale hupoteza nguvu zake katika ugomvi huo.

Mbele ya wano hukaa chembe, yaani ncha. Mshale wa ndege na wanyama wadogo huweza kuwa wa mti mtupu, uliochongwa ncha yake toka katika wano lenyewe au katika kijiti kilichopachikwa. Kwa mnyama mkubwa hutakiwa chuma. Wahadzabe hawayeyushi chuma. Tangu zamani wamekuwa wakipata vyembe au chuma chenyewe kwa majirani zao, hasa wahunzi wa Kidatoga, kwa kubadilishana na asali na mazao mengine ya porini. Siku hizi msumari wa dukani, ukigongwa kwa nyundo juu ya jiwe pasipo moto, hugeuka chembe kikali.

Uzito wa chembe unahusika pia na safari ya mshale. Ukiulaza mshale juu ya kidole kimoja mpaka utulie bila kuanguka, utaona kwamba mahali pa mizani si katikati kabisa, bali ni mbele kidogo. Ndivyo inavyotakiwa. Mshale mzito mkiani huyumba, na hata manyoya hayawezi kuuokoa.

SIRI YA KUPINDA

Sasa tumefika penye fumbo lililowashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Upinde wa jadi hauna tundu la kupitishia mshale. Mshale hulala ubavuni mwake. Mpigaji anapouvuta upote hadi mwisho, mshale huelekea shabaha. Lakini upote unaporudi huelekea katikati ya upinde, na mshale uliolala ubavuni hauna budi kuelekezwa pembeni. Kwa hesabu hiyo, kila mshale ungepaswa kwenda upande. Mbona basi haukosi?

Jibu ni kwamba mshale mzuri hauendi ukiwa mnyoofu. Upote unapousukuma kisigino kwa ghafula, nao uzito wa chembe unakataa kuondoka upesi, wano hupinda. Hupinda upande mmoja, kisha wa pili, likaupita upinde kama nyoka apitaye jiwe, bila ya mkia wake kuugonga. Likishatoka hutetemeka kwa muda mfupi, hutulia, na hushika ile njia iliyokusudiwa tangu mwanzo. Jicho la mtu haliwezi kuyaona hayo. Ilipofika miaka ya 1930, mwanafizikia wa Marekani, Clarence Hickman, aliyapiga picha kwa kamera ya mwendo wa kasi, na wote wakayaona. Lakini mafundi wa nyikani walikuwa wakitengeneza mishale yenye kiasi sahihi cha kupinda maelfu ya miaka kabla ya kamera hiyo kubuniwa.

Neno kiasi ndilo lililobeba jambo lote. Wano gumu mno halipindi vya kutosha. Huugonga upinde na kurushwa upande wake. Kwa mtu anayeshika upinde kwa mkono wa kushoto, mshale huo huangukia kushoto kwa shabaha. Wano legevu mno hupinda kupita kiasi na huangukia kulia. Na ugumu unaofaa hautokani na mshale peke yake, bali na upinde utakaousukuma. Upinde wa Mhadzabe ni wa nguvu: vipimo vya watafiti vimeonyesha kwamba kuuvuta hadi mwisho huhitaji nguvu inayokaribia ya kuinua mzigo wa kilo 30 au zaidi. Mshale uliotengenezwa kwa upinde huo ukipewa mtoto mwenye upinde mwepesi utakuwa mgumu kwake, nao wa mtoto ukiwekwa katika upinde wa baba yake utayumba na huenda ukavunjika. Kwa hiyo mshale na upinde ni kama mke na mume: kila mmoja aweza kuwa mwema, na bado wasipatane.

Katika karakana za nchi za ng'ambo, mahali ambapo mchezo wa kulenga shabaha kwa mishale ya mti unapendwa, mafundi hupima ugumu huo kwa chombo. Wano hulazwa juu ya vigingi viwili vilivyoachana inchi 26, huning'inizwa uzito wa ratili 2 katikati, na kipimo husoma limebonyea kwa kiasi gani. Mhadzabe hana chombo hicho. Hulishika wano ncha zote mbili, hulikunja kidogo, na mikono yake humwambia.

KULIWEKA SAWA

Mshale ukimalizika, bado haujawa mshale mpaka umejaribiwa. Mpigaji mwenye busara hauhukumu kwa mara moja, kwa kuwa mara moja yaweza kuwa kosa la mkono. Huupiga mara kadhaa toka mahali pamoja. Ukienda huku na huku bila utaratibu, kosa ni la mpigaji, au manyoya yamelegea. Lakini ukienda kila mara upande ule ule, hapo mshale wenyewe unasema, nao wapaswa kusikilizwa.

Ikiwa mshale ni mgumu mno, fundi huliparuza wano kwa kisu, akaondoa unga kidogo tu toka katikati yake, akajaribu tena. Ama huweka chembe kizito zaidi, maana uzito wa mbele hulifanya wano lipinde zaidi. Ikiwa ni legevu, hulifupisha kidogo, au huweka chembe chepesi. Njia ni hizo chache, na zote zinataka subira, kwani aliyeondoa mti hawezi kuurudisha. Mshale uliokuwa mgumu kwa unywele mmoja waweza kugeuka legevu kwa kupitisha kisu mara mbili za pupa. Hapo haraka haina baraka hata kidogo.

SUMU NA TAHADHARI YAKE

Kwa wanyama wakubwa mshale peke yake hautoshi. Wahadzabe hutumia sumu za aina mbili: panjube, itokanayo na mti wa Adenium, na shanjo, itokanayo na mbegu za mmea wa Strophanthus. Sumu hupakwa shingoni mwa chembe, kisha chembe huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi, ili sumu isikauke na ili mwenye mshale au mwanawe asijichome. Ngozi hiyo huondolewa wakati wa kupiga. Chembe cha sumu hupachikwa katika kijiti kinachochomoka. Mnyama akikimbia, wano huanguka na chembe hubaki mwilini. Mwindaji hamfukuzi mara moja. Humwacha, kisha hufuata nyayo zake kwa utulivu pamoja na wenzake. Nyama iliyozunguka jeraha hukatwa na kutupwa.

Sumu hizo huushika moyo. Habari hiyo ilifika katika hospitali za Ulaya kwa njia ya Afrika yetu hii. John Kirk, aliyefuatana na Livingstone katika safari ya Zambezi iliyoanza mwaka 1858, na ambaye baadaye alikuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliweka sumu ya mishale ya huko mfuko mmoja na mswaki wake. Alipopiga mswaki alionja uchungu, akagundua kwamba mapigo ya moyo wake yamepungua. Thomas Fraser wa Chuo Kikuu cha Edinburgh aliendelea na uchunguzi, na toka katika mmea ule ikapatikana dawa iliyotumiwa kwa wagonjwa wa moyo kwa miaka mingi.

Mzazi usomaye ukurasa huu, zingatia neno moja. Mti wa Adenium ndio ule wenye shina nene lililovimba na maua mekundu au ya waridi, ambao siku hizi hupandwa katika vyungu mbele ya nyumba nyingi za mjini. Unapendeza, lakini utomvu wake ni sumu ile ile. Usiwaache watoto wauchezee, na anayeukata matawi anawe mikono vizuri.

MALI INAYOZUNGUKA

Ungetazamia kwamba mtu aliyetumia siku nzima kutengeneza mshale ataung'ang'ania kama mboni ya jicho. Sivyo. Wahadzabe wana mchezo wao uitwao lukuchuko, ambao wanaume hurusha vipande vya magome ya mti na kushindania mali, hasa mishale yenye vyembe vya chuma. James Woodburn, mtaalamu wa Kiingereza aliyeanza kuishi nao na kuwachunguza mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza kwamba mchezo huo husambaza mali: chembe kilichopatikana mahali pamoja hufika kambi za mbali, na hakuna mtu anayejilimbikizia. Hata aliyeshinda leo hukabiliwa na wenzake kesho acheze tena. Hali kadhalika nyama ya mnyama mkubwa si ya mpigaji peke yake; kambi nzima hula. Tunaosema kwamba ujirani umepungua mijini tuna la kujifunza hapo.

MWANA HUFUNDISHWA KWA KUTAZAMA

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe hupata upinde wake mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Haketishwi akahubiriwa. Hutazama wakubwa wakinyoosha mawano, huiga, huharibu, huiga tena. Huanza na ndege na panya karibu na kambi. Upinde wake hukua jinsi mikono yake inavyokua. Akifikia ujana amekwisha kupitisha motoni fito nyingi mno, na kila ufito uliovunjika ulikuwa somo.

Shule ya namna hiyo ina udhaifu mmoja: haina daftari. Ikikosekana kwa kizazi kimoja tu, haifunguliwi tena. Na leo iko katika hatari. Ardhi ya nyika ile imekuwa ikipungua kwa mashamba na malisho, na wanyama wamepungua pamoja nayo. Katika miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya baadhi ya Wahadzabe kijijini Yaeda Chini ili walime, na wengi walirudi porini. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya haki ya kimila ya kumiliki ardhi yao kwa pamoja, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Watoto wanakwenda shule, nalo ni jambo jema na la haki yao. Lakini mtoto aliye bwenini miezi mingi ya mwaka hawezi kukaa kivulini na baba yake akitazama wano likigeuka juu ya makaa.

Liko na jambo jingine, jepesi kuonekana na zito kupimwa. Watalii hufika Eyasi kwa wingi na hununua mishale kuwa kumbukumbu. Fedha hizo zinasaidia, wala hatuwezi kumlaumu auzaye. Hata hivyo mshale wa kutundikwa ukutani hauulizwi kama unakwenda sawa. Hauna haja ya kupindwa motoni mara kumi, wala manyoya yake hayana haja ya kutoka bawa moja, yatosha upendeze. Mkono uliozoea kutengeneza mishale isiyopigwa, baada ya miaka utasahau ile iliyokuwa ikipigwa, na hakuna atakayegundua siku yenyewe, kwa kuwa kwa macho mishale yote miwili ni sawa.

Hatusemi, ndugu msomaji, kwamba sote turudi kwenye upinde. Kuwinda pasipo kibali ni kosa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 imetungwa kwa manufaa ya wote. Tunachosema ni kwamba elimu ya mshale yaweza kuingia darasani bila kumdhuru hata kanga mmoja. Mwalimu wa sayansi anayetaka kufundisha mizani, joto, upepo na mtetemo, ana somo zima katika wano moja. Na shule iliyo jirani na Wahadzabe yaweza kumwalika mzee aje afundishe, akaheshimiwa na kulipwa kama mwalimu mwingine yeyote.

Nawe uliye mbali na Eyasi, yawezekana babu yako alijua kitu cha namna hii: kusuka dema, kuchonga kinu, kuwamba ngoma, kufua jembe. Kamuulize angali hai. Usimuulize kimetengenezwaje tu. Muulize hufanya nini kinapokuwa kimeharibika kidogo, hukijuaje kwamba sasa kimekaa sawa. Aghalabu elimu yenyewe imo katika jibu la swali hilo la pili, na ndilo ambalo hatujawa na desturi ya kuuliza.